VIMENG'ENYA KATIKA SARATANI ZA TISHU LAINI: ISTILAHI NA UZITO WAKE KATIKA UTAMBUZI WA UGONJWA

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi yanayowafikia wafasiri wetu, taarifa za maabara za hospitali ni chache kwa idadi lakini ni nzito kwa matokeo. Barua ya ofisi ikifasiriwa vibaya huweza kuandikwa upya kesho yake. Taarifa ya maabara ikifasiriwa vibaya, mgonjwa huweza kunyimwa dawa ambayo ingemfaa, au kupewa matumaini yasiyo na msingi, na pengine kosa hilo lisigunduliwe mpaka wakati wa kulirekebisha umekwisha kupita.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza eneo moja dogo la istilahi za tiba, nalo ni lile linalohusu utendaji wa vimeng'enya katika saratani za tishu laini, pamoja na thamani ya utendaji huo katika kuutambua ugonjwa. Tumelichagua eneo hili kwa sababu mbili. Kwanza, istilahi zake zinakutanisha maneno yetu ya asili, maneno tuliyoyapokea zamani kutoka Kiarabu, na majina ya kisayansi ambayo hayana budi kutoholewa. Pili, historia ya eneo hili inaonyesha waziwazi jambo ambalo kila mwanaistilahi anapaswa kulikumbuka, yaani kwamba jina ni dai, na dai likianguka jina nalo huanguka.

Maana ya tishu laini

Tishu ni kundi la seli zinazofanana na kufanya kazi moja. Wataalamu wanaposema tishu laini huwa wanakusudia zile tishu zinazounganisha, kutegemeza au kuzunguka viungo vya mwili, ukiondoa mifupa: mafuta, misuli, kano, nyuzi, mishipa ya damu na ya limfu, pamoja na mishipa ya fahamu ya pembeni. Ini na mapafu ni laini vilevile kwa mguso, lakini havihesabiwi humo. Kwa upande mwingine, uvimbe wa tishu laini huweza kuwa mgumu kama jiwe chini ya kidole. Neno laini hapa, basi, ni jina la kundi, si sifa ya mguso, na mfasiri asijaribu kuliboresha kwa kuandika "tishu nyororo" au "nyama teketeke".

Ama kuhusu saratani, neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na kutokana na neno lao imetoka istilahi kasinoma, yaani saratani inayoanzia katika tishu zinazofunika au kuzitanda sehemu za mwili, kama vile ngozi na utando wa tumbo. Saratani inayoanzia katika tishu laini au mifupa huitwa sarkoma, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nyama. Sarkoma ni adimu: kati ya saratani za watu wazima, takriban 1 katika 100 ndiyo sarkoma ya tishu laini, ingawa kwa watoto sehemu yake ni kubwa zaidi. Pamoja na uchache huo, Shirika la Afya Duniani linatambua aina zake zaidi ya 50, na matibabu ya aina moja huenda yasifae kabisa kwa nyingine.

Hapa pana fundisho la kwanza. Mfasiri anayeandika saratani mahali palipoandikwa sarkoma hakusema uongo, lakini ametupa nusu ya habari. Ni kama mtu aliyeulizwa mgeni ametoka wapi akajibu, "Ametoka mbali."

Kimeng'enya: jina na kazi

Kimeng'enya ni dutu, aghalabu ya jamii ya protini, inayoharakisha badiliko la kikemia katika kiumbe hai bila yenyewe kuisha katika badiliko hilo. Mwaka 1833, Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walitenga kutoka katika kimea cha shayiri dutu iliyoweza kugeuza wanga kuwa sukari, wakaiita diastasi. Mwishoni mwa karne hiyo Mfaransa mwingine, Émile Duclaux, alipendekeza kwamba mwisho wa jina hilo utumike kuwa alama ya vimeng'enya vyote. Ndiyo maana leo tuna fosfatasi, esterasi, kinasi na dehidrojinasi, hali pepsini, iliyopata jina lake mapema zaidi, haikufuata kanuni hiyo.

Neno kimeng'enya limeundwa kutokana na kitenzi meng'enya, chenye maana ya kuvunjavunja kitu kikawa vipande vidogo, na ndicho kitenzi kilichotupatia pia mmeng'enyo wa chakula. Wako wanaolilaumu neno hili kwa kuwa finyu, na lawama yao ina hoja. Tume iliyoundwa mwaka 1956 na Umoja wa Kimataifa wa Biokemia ilitoa taarifa yake mwaka 1961, ikavigawa vimeng'enya katika makundi sita kwa kufuata kazi. Kundi la saba liliongezwa mwaka 2018. Kuna vinavyohamisha elektroni, vinavyohamisha vikundi vya atomu kutoka molekuli moja hadi nyingine, vinavyovunja kwa kutumia maji, vinavyovunja bila maji, vinavyopanga upya atomu ndani ya molekuli ileile, vinavyounganisha, na vinavyovusha dutu katika utando. Katika makundi hayo saba, ni mawili tu yanayovunja, na moja kati ya hayo ndilo hasa linalomeng'enya kwa maana ya tumboni.

Hata hivyo, sisi hatuoni sababu ya kuliacha neno. Istilahi haipimwi kwa asili yake pekee, bali pia kwa namna ilivyokwisha kuzoeleka na kwa uwezo wake wa kuzaa maneno mengine. Kimeng'enya kinafundishwa shuleni; kina umoja na wingi ulio wazi; kinapokea vivumishi bila taabu. Tunachoshauri ni kwamba neno la jumla libaki kimeng'enya, na majina ya vimeng'enya mojamoja yatoholewe kwa mwisho wa -asi, ili msomaji aone mara moja kwamba kinasi na fosfatasi ni ndugu wa ukoo mmoja. Ndugu hao wawili, kwa hakika, hufanya kazi zinazopingana: kinasi hubandika fosfeti juu ya molekuli, na fosfatasi huibandua.

Uwepo, wingi na utendaji

Kuna mambo matatu ambayo taarifa ya maabara huweza kusema juu ya kimeng'enya, nayo huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni uwepo: kimeng'enya kimo au hakimo. La pili ni wingi: kimo kiasi gani. La tatu ni utendaji: kinafanya kazi kwa kasi gani.

Utendaji hupimwa kwa kuangalia ni kiasi gani cha dutu kinachobadilishwa kwa muda fulani. Uniti moja ya kimeng'enya ni utendaji unaobadilisha mikromoli 1 ya dutu kwa dakika, katika hali zilizowekwa za joto na asidi. Mwaka 1999 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliidhinisha kipimo kiitwacho katali, yaani moli 1 kwa sekunde, ingawa hospitali nyingi zinaendelea kutumia uniti kwa lita. Mfasiri anayekutana na uniti asizigeuze kuwa miligramu hata kwa nia njema, kwa maana uniti haipimi uzito. Kimeng'enya kilichoharibiwa na joto huweza kuwapo chote na utendaji wake ukawa sifuri.

Maneno kadhaa yamekwisha kujaribiwa kwa dhana hii. Shughuli linaleta picha ya pilikapilika za sokoni. Nguvu linafaa zaidi kwa dawa na umeme. Ukali lina hatari kubwa, kwa sababu mgonjwa akisoma "ukali wa kimeng'enya" atafahamu kuwa ugonjwa wenyewe ni mkali. Tunapendekeza utendaji, ambalo halina sifa wala lawama ndani yake.

Vimeng'enya ndani ya damu

Tumaini la kutambua saratani kwa kupima vimeng'enya vya damu ni la zamani. Mwaka 1923 Robert Robison, akifanya kazi London, alionyesha kwamba mfupa unaokua una fosfatasi nyingi. Mwaka 1938 mume na mke wa Marekani, Alexander na Ethel Gutman, walionyesha kwamba fosfatasi ya asidi hupanda katika damu ya wagonjwa wengi wenye saratani ya tezi-kibofu iliyoenea. Baada ya hapo watafiti walivigeukia vimeng'enya vingine na saratani nyingine, zikiwamo sarkoma.

Kimeng'enya kilichotajwa zaidi katika sarkoma ni dehidrojinasi ya lakteti. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg alikuwa ameona kwamba seli za uvimbe hugeuza glukosi kuwa lakteti kwa wingi hata pale oksijeni inapokuwapo. Kimeng'enya hiki ndicho kinachosimamia hatua ya mwisho ya njia hiyo. Seli za uvimbe zinapokufa au kupasuka humwaga kimeng'enya hicho katika damu, na kipimo hupanda.

Je, kipimo hicho kina thamani gani? Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba kila wingu ni mvua. Dehidrojinasi ya lakteti imo karibu katika kila seli ya mwili. Hupanda katika maradhi ya ini, katika kuumia kwa misuli, katika malaria inayovunja chembe nyekundu za damu, na hata pale damu ilipovutwa vibaya katika sindano chembe zikapasuka kabla ya kufika maabara. Kwa hiyo kipimo hiki hakiwezi kusema, "Hii ni sarkoma." Kinachoweza kusema, kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekwisha kuthibitishwa, ni jinsi mzigo wa ugonjwa ulivyo. Katika sarkoma ya Ewing, mathalani, wagonjwa wanaoanza matibabu kipimo kikiwa juu kwa kawaida huwa na matarajio madogo kuliko wale ambao kipimo chao ni cha kawaida. Huo si utambuzi wa ugonjwa bali ni ubashiri wa mwendo wake, na maneno hayo mawili yasibadilishane nafasi.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo hili lieleweke kwa tarakimu. Tuseme watu 1,000 wenye vivimbe wanapimwa, na 10 kati yao wana sarkoma. Kipimo chetu kinawagundua 9 kati ya hao 10. Lakini katika wale 990 wasio na sarkoma, kipimo kinamwonyesha kimakosa mtu 1 katika kila 10, yaani watu 99. Jumla ya walioonyeshwa ni 108, na wenye ugonjwa kweli ni 9 tu, yaani mtu 1 katika 12. Uwezo wa kipimo kuwagundua wagonjwa tunauita wepesi wa kugundua. Uwezo wake wa kuwaacha wazima tunauita umahususi. Neno unyeti, ambalo wengine hulitumia kwa dhana ya kwanza, lina maana nyingine zinazofahamika kwa watu wote, na tunaona haya kulipeleka wodini.

Vimeng'enya katika kipande cha tishu

Njia ya pili ni kukichunguza kimeng'enya mahali kilipo, ndani ya kipande cha tishu kilichokatwa kutoka katika uvimbe. Mwaka 1939 György Gomori huko Marekani na Hideo Takamatsu huko Japani, kila mmoja peke yake, walivumbua mbinu ya kukionyesha kimeng'enya kwa rangi. Katika mbinu ya Gomori, kipande chembamba cha tishu huloweshwa katika maji yenye kampaundi ya fosfeti pamoja na kalisi. Palipo na fosfatasi ya alkali, fosfeti hubanduliwa na kushikana na kalisi papo hapo. Kisha kwa hatua mbili za kemia, mashapo hayo hugeuzwa kuwa salfaidi ya kobalti yenye rangi nyeusi. Mchunguzi huona kwa hadubini madoa meusi, na kila doa ni ushahidi wa kazi iliyofanyika mahali hapo. Mbinu hii ndiyo tunayoiita kemia ya vimeng'enya vya tishu.

Mfano mmoja unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu. Sarkoma ya Kaposi, iliyoelezwa na Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872, ilikuwa adimu Ulaya lakini ilijulikana sana katika sehemu hizi zetu, hata mwaka 1961 ukafanyika mkutano wa kimataifa mjini Kampala kwa ajili yake peke yake. Swali lililobishaniwa kwa miaka mingi lilikuwa seli zake zinatoka wapi. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walitumia vimeng'enya kulijibu. Seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu zina kawaida ya kuonyesha fosfatasi ya alkali, na zile za mishipa ya limfu huonyesha zaidi kimeng'enya kingine kiitwacho nukleotidasi-5. Seli za sarkoma ya Kaposi zilifanana na zile za limfu. Virusi vinavyohusika na ugonjwa huu viligunduliwa mwaka 1994, na leo utambuzi wake hutegemea zaidi kuvionyesha virusi hivyo ndani ya seli. Lakini ule uhusiano na limfu haujatupwa.

Mbinu hii ina sharti gumu. Tishu iliyolazwa katika formalini, kama ilivyo desturi ya hospitali nyingi, hupoteza sehemu kubwa ya utendaji wa vimeng'enya vyake. Inatakiwa tishu mbichi iliyogandishwa upesi. Kwa hiyo maagizo yanayoambatana na chombo cha sampuli ni sehemu ya kipimo chenyewe. Mhudumu aliyeandikiwa "hifadhi vizuri" ataitia katika formalini kwa uangalifu wote, na jibu litakuwa limekwisha kupotea. Aandikiwe "gandisha mara moja, usitie formalini."

Jina lililojengwa juu ya vimeng'enya

Sasa tufike kwenye kisa ambacho, kwa maoni yetu, kila anayeunda istilahi angefaa kukijua. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa New York walieleza aina ya uvimbe wa tishu laini wenye seli za maumbo mengi yasiyo na mpango. Walidhani kwamba asili yake ni histiositi, yaani seli zinazomeza uchafu na vijidudu katika tishu, ambazo zimegeuka na kuanza kutengeneza nyuzi. Ukaitwa histiositoma ya nyuzi yenye saratani. Katika miaka iliyofuata, dai hilo lilitafutiwa ushahidi katika vimeng'enya: fosfatasi ya asidi, esterasi na lisozimu, ambavyo hupatikana kwa wingi katika histiositi, vilionekana pia ndani ya vivimbe hivi. Kufikia miaka ya 1980 jina hilo lilikuwa ndilo linaloandikwa mara nyingi kuliko mengine yote katika sarkoma za tishu laini za watu wazima.

Lakini ushahidi huo ulikuwa na ufa. Vimeng'enya hivyo hukaa katika vifuko vya mmeng'enyo ambavyo seli za aina nyingi zinavyo. Isitoshe, histiositi za kawaida huingia ndani ya uvimbe kama wageni waingiavyo katika nyumba yenye msiba. Mchunguzi aliona mali ya wageni akadhani ni ya mwenyeji. Mwaka 1992 Christopher Fletcher alichapisha uchunguzi wa vivimbe vilivyokuwa vimepewa jina hilo, na akaonyesha kwamba zaidi ya nusu yake vilikuwa sarkoma za aina nyingine zinazotambulika, na baadhi havikuwa sarkoma kabisa. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lililisukuma jina hilo pembeni, na katika uainishaji wa mwaka 2013 likaondolewa. Vivimbe vilivyobaki bila asili inayojulikana huitwa sasa sarkoma ya maumbo mengi isiyopambanuka. Jina hili jipya halivutii, lakini lina adabu: linakiri kwamba asili haijulikani.

Fundisho kwa mfasiri ni la vitendo. Akilikuta jina la zamani katika faili la mwaka 1985, asiligeuze kuwa jina jipya, kwa kuwa uvimbe ule huenda ungeainishwa vingine leo. Alifasiri kama lilivyo, aongeze tarehe, na amwachie mganga uamuzi. Fundisho kwa mwanaistilahi ni kwamba dhana ikiwa bado inabishaniwa, ni salama zaidi kuunda jina linaloeleza kinachoonekana kuliko jina linalodai kinachodhaniwa.

Vimeng'enya na utambuzi wa leo

Msomaji asidhani kwamba kisa hicho kilivimaliza vimeng'enya. Kilichobadilika ni namna ya kuviuliza maswali. Leo aghalabu hatutazami tena utendaji, bali tunatumia kingamwili kuonyesha kama protini ya kimeng'enya imo au haimo, au tunachunguza jeni inayokiunda. Tutaje mifano mitatu.

Wa kwanza ni uvimbe wa stroma wa tumbo na matumbo. Kwa miaka mingi vivimbe hivi vilihesabiwa kuwa vya misuli laini, na dawa za saratani zilizotumika hazikuvifaa kitu. Mwaka 1998 Seiichi Hirota na wenzake wa Japani walionyesha kwamba vingi vina hitilafu katika jeni ya KIT, ambayo huunda kinasi iliyoko kwenye utando wa seli. Kinasi hiyo hukwama katika hali ya kufanya kazi bila kuamriwa. Mwaka 2000 mgonjwa wa kwanza mwenye uvimbe huu alipewa imatinibu, dawa inayozuia kinasi hiyo, na uvimbe ukapungua. Hapa utambuzi wa kimeng'enya na uchaguzi wa dawa vimekuwa jambo moja.

Wa pili ni MDM2, kimeng'enya cha kundi la vinavyohamisha, ambacho kazi yake mojawapo ni kuipachika alama ya kuharibiwa ile protini ya p53 inayozilinda seli zisigeuke. Katika liposarkoma iliyopambanuka vizuri, jeni ya MDM2 huwa na nakala nyingi kupita kiasi. Katika lipoma, yaani uvimbe wa mafuta usio wa saratani, hali hiyo haipo. Chini ya hadubini viwili hivyo huweza kufanana kama pacha. MDM2 ndiyo inayowatenganisha.

Wa tatu unahusu kimeng'enya kilichotoweka. Baadhi ya vivimbe vya stroma vya tumbo, hasa vya watoto na vijana, havina dehidrojinasi ya suksineti katika seli zake. Seli za kawaida zilizo jirani hupata rangi katika kipimo cha kingamwili, na seli za uvimbe hubaki bila rangi. Vivimbe hivi kwa kawaida haviitikii imatinibu, na mara nyingi hitilafu yake hurithiwa, kwa hiyo jamaa za mgonjwa nao wanapaswa kuchunguzwa. Kwa maneno mengine, doa lisiloonekana ndilo lenye habari.

Maneno yanayoponza

Mfano huo wa tatu unatufikisha kwenye neno upungufu. Kiswahili kinalo neno hilo katika upungufu wa damu na upungufu wa vitamini, na mgonjwa anapolisikia hufikiria chakula. Akiambiwa kwamba uvimbe wake una "upungufu wa kimeng'enya", atauliza ale nini ili kikiongezeke, na atakuwapo jirani wa kumjibu. Tunapendekeza iandikwe: "kimeng'enya hiki hakipo katika seli za uvimbe." Ni maneno mengi zaidi, lakini hayampeleki mtu sokoni.

Neno la pili ni chanya. Katika hesabu chanya ni aina ya namba, na katika mazungumzo ya siku hizi ni jambo jema. Mgonjwa aliyesoma "KIT chanya" huenda akashukuru Mungu. Katika taarifa inayosomwa na wataalamu pekee, chanya na hasi zinaweza kubaki. Katika barua ya mgonjwa iandikwe "imeonekana" au "haikuonekana".

La tatu ni alkali na asidi katika majina ya fosfatasi. Fosfatasi ya alkali si dutu yenye ukali wa magadi. Imeitwa hivyo kwa sababu hufanya kazi vyema zaidi katika mazingira ya alkali, kama mwenzake afanyavyo katika ya asidi. Anayeandika "fosfatasi kali" kwa yoyote kati ya hizo mbili amekiuka maana. Tena fosfatasi ya alkali hupanda kwa kawaida katika damu ya watoto wanaokua na wajawazito, na hapo hakuna ugonjwa wowote.

Istilahi tunazozipendekeza

Kimeng'enya: dutu ya kiumbe hai inayoharakisha badiliko la kikemia bila kuisha.
Utendaji wa kimeng'enya: kasi ya kazi ya kimeng'enya, ipimwayo kwa uniti au katali.
Tishu laini: tishu unganishi na tegemezi zisizo mfupa, pamoja na misuli, mafuta na mishipa.
Sarkoma: saratani inayoanzia katika tishu laini au mfupa.
Kinasi: kimeng'enya kinachobandika fosfeti.
Fosfatasi: kimeng'enya kinachobandua fosfeti.
Kemia ya vimeng'enya vya tishu: mbinu ya kuonyesha kwa rangi mahali kimeng'enya kinapofanya kazi.
Utambuzi wa ugonjwa: kuubainisha ugonjwa na aina yake.
Ubashiri wa ugonjwa: kukadiria mwendo wa ugonjwa uliokwisha kutambuliwa.
Wepesi wa kugundua: uwezo wa kipimo kuwaonyesha walio wagonjwa.
Umahususi: uwezo wa kipimo kutowaonyesha wasio wagonjwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kimeng'enya kimoja huweza kuwa na maana nyingi kwa kadiri ya swali lililoulizwa: kimo au hakimo, ni kingi au kichache, kinafanya kazi au kimelala, na mali hiyo ni ya nani. Istilahi nzuri ni ile inayoyatenganisha maswali hayo kabla jibu halijatolewa. Waalimu wanaofundisha biolojia kwa Kiswahili, wafasiri wa hospitali na maofisa wanaotayarisha fomu za wizara tunawaomba wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na pale yatakapowakwaza watuandikie. Neno lililokataliwa na muuguzi kwa sababu mgonjwa hakulielewa litakuwa limetufundisha zaidi ya neno lililosifiwa mezani petu.